"Mbona Hamkushona?"

Boti ililetwa karakana siku ya Jumanne, imefungwa kamba juu ya Canter, tezi inaning'inia nje. Futi 23, ya faiba, wala si ya zamani. Mwenyewe alilalamika kwamba akikaza mashine tu, huko nyuma kunacheza. Alisema hivyo hivyo, "kunacheza," huku anatikisa kidole kama mtu anayeonyesha jino bovu. Nikagonga kwa kitako cha patasi. Faiba nzima hulia kavu, ta, ta, ta. Pale mlio ulikuwa wa kitu chenye pumzi ndani, kama nazi iliyoanza kuharibika. Nikachomeka patasi ukingoni, nikaipindua kidogo, tabaka la juu likanyanyuka. Nikaweka patasi chini nikavuta kwa mkono. Likaja lote, pana kama trei ya chai, kama chapati ya kusukuma iliyotiwa mafuta ya kutosha.

Kubanduka nimekuona mara nyingi, hapa Tanga boti za faiba ni nyingi na si kila aliyezitengeneza alikuwa na subira. Ila safari hii nililishika lile tabaka nikalitazama juani. Nyuzi zilikuwa nzima. Hapakuwa na hata uzi mmoja uliokatika. Nguvu yote aliyoilipia yule bwana ilikuwa bado imo mle ndani, imelala, haijatumika. Kilichokufa ni gundi iliyokuwa kati ya tabaka na tabaka.

Karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba ya mama. Alikuwa amekaa kibarazani anasuka ukili, akaniona nimeshika kile kipande nimekitumbulia macho.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Faiba, mama. Imebanduka."

"Ilikuwa imeshikana na nini?"

"Na faiba nyingine. Tunapanga mikeka ya faiba mmoja juu ya mwingine, tunapaka resini, inaganda."

Akanyoosha mkono nimpe. Akakipapasa, akakikunja, akakirudisha.

"Mbona hamkushona?"

Nikacheka. Nikamwambia faiba haishonwi, inabandikwa. Akainamia ukili wake: "Ndiyo maana imebanduka."

Ningeweza kuliacha jambo hapo, lakini swali lile lilinikera wiki nzima, kwa sababu sikuwa na jibu la maana zaidi ya "ndivyo tunavyofanya". Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, na nikagundua kwamba swali la mama wahandisi wa injini za ndege wamelihangaikia kwa miaka zaidi ya 50, na wapo waliolijibu kama yeye.

Nianze na kitu tunachokijua sote. Nyumba ya udongo hujengwa vipi? Unasimamisha nguzo, unafunga fito, huku na huku, unakaza kwa kamba. Ukimaliza una nyumba ya mbavu tupu, upepo unapita. Hapo ndipo unaita watu waje kukandika. Udongo peke yake ukikauka unapasuka, mvua ikija unamomonyoka. Fito peke yake hazizuii jua wala mvua. Vikikutana, ukuta unasimama miaka. Fito zinabeba mvuto, udongo unazishika zisihame na unagawa mzigo ili fito moja isibebe peke yake. Boti ya faiba ni nyumba ya udongo. Nyuzi za kioo ndizo fito, resini ndiyo udongo. Panga la injini ya ndege la nyuzi za kaboni nalo ni hivyo hivyo. Vitu vya jinsi hii wahandisi huviita kompoziti.

Ile nyumba ya mbavu kabla haijakandikwa, sura yote ipo lakini udongo haujaingia, katika kazi ya kompoziti ni hatua inayojitegemea, na mimi naiita kiunzi. Kiunzi ni nyuzi kavu zilizokwisha kupewa umbo la kitu kinachotakiwa. Unakiweka ndani ya kalibu, unafunga, unasukuma resini iingie mpaka kila pembe, unapasha moto, unafungua. Ubora wa kitu umeshaamuliwa zamani, wakati wa kufunga fito. Atakayekuja kukandika baadaye anaweza kukiharibu lakini hawezi kukiboresha.

Sisi wa boti hatuna kiunzi. Tuna matabaka. Tunakata kitambaa, tunalaza, tunapaka, tunapitisha rola kutoa mapovu, tunalaza kingine. Nyuzi zote zinalala chali. Ukivuta kwa kufuata uzi, kazi ni kubwa kuikata. Ukitaka kuyatenganisha matabaka, unapambana na resini peke yake. Kwa kompoziti za kaboni zilizopangwa hivi, nguvu ya kuvutwa kwa kufuata uzi huweza kuzidi ile ya kubandua matabaka zaidi ya mara 10. Kwa hiyo adui hakupigi kifuani. Anakuja kwenye mshono usioshonwa.

Rolls-Royce ya Uingereza ililijua hilo kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wanatengeneza injini ya RB211 kwa ajili ya ndege ya Lockheed TriStar, na waliamua mapanga makubwa ya mbele, yale unayoyaona yakizunguka ukisimama mbele ya injini, yawe ya nyuzi za kaboni walizoziita Hyfil. Uzito ungepungua sana. Mwezi Mei 1970 wakafanya jaribio la ndege mnyama, yaani kufyatulia kuku aliyekwisha kufa kwenye injini inayozunguka, maana angani mwewe na korongo hawaombi ruhusa. Panga likavunjika vipande vipande. Ikabidi warudi kwenye titaniamu, metali nyepesi yenye nguvu. Tarehe 4 Februari 1971 kampuni ikatangazwa kufilisika na serikali ya Uingereza ikaichukua. Haikuwa panga peke yake iliyowaangusha, gharama za injini nzima zilikuwa zimeshawazidi kimo, lakini kisa cha kuku aliyeifilisi Rolls-Royce mafundi wa ndege bado wanakisimuliana.

Nisiwaonee watu wa matabaka. General Electric wa Marekani walifanikiwa kwa njia ile ile ya kupanga tabaka juu ya tabaka, na injini yao ya GE90 iliyoanza kubeba abiria mwaka 1995 ilikuwa na mapanga ya kaboni, yamevishwa titaniamu kwenye ukingo unaokata upepo. Resini ngumu zaidi, uangalifu zaidi, panga kubwa na nene. Inawezekana. Ila injini ile ni kubwa mno. Panga la injini ndogo ni jembamba, na kwa wembamba ule hapabaki mahali pa kufichia udhaifu.

Sasa turudi kibarazani. Mama ni mzaliwa wa Pemba, na kwa ukili hana mchezo. Anachana ukindu kuwa miyaa, anapika rangi, anasuka utepe mwembamba mrefu usio na mwisho, kisha anauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo mpaka mkeka unapatikana. Katika maisha yangu sijaona mkeka wa mama uliochanika katikati ya ukili. Huchakaa kwenye mshono, naye anajua, ndiyo maana mshono wake ni wa siri na wa karibu karibu. Lakini muulize kuhusu kifumbu, kile cha kukamulia nazi. Kifumbu hakina mshono. Unaanza kitako, unapanda na mbavu, unaongeza miyaa unapotaka kipanuke, unapunguza unapotaka kibane. Umbo linasukwa, halikatwi. "Kifumbu chenye mshono," aliniambia, "ukikikamua kinakutemea machicha usoni." Dema la mvuvi pia ni hivyo, lile la samaki, ambalo mdomo wake unaingia ndani kwa ndani: anayelisuka analipa umbo kwa fito, hachukui bapa akalikunja.

Ni wazo hilo hilo lililozaa mapanga ya injini ya LEAP.

LEAP hutengenezwa na CFM International, ubia wa General Electric na Safran ya Ufaransa. Ilianza kubeba abiria mwaka 2016, na ndiyo injini ya Boeing 737 MAX zote. Mapanga yake hayakupangwa tabaka kwa tabaka, yamefumwa. Safran wakishirikiana na kampuni ya Kimarekani ya Albany, ambayo asili yake ni kufuma mikanda mipana ya viwanda vya karatasi, wana viwanda vya kazi hiyo Rochester katika jimbo la New Hampshire, Commercy huko Ufaransa, na Querétaro, Mexico. Nilipojua kwamba waliofuma panga la ndege ni wafumaji wa mikanda ya karatasi nilifurahi kupita kiasi. Hata sijui kwa nini.

Mfumaji wa kawaida ana nyuzi za aina mbili. Mtande, zile zilizotandwa kwa urefu, na mshindio, unaopita kwa upana, juu, chini, juu, chini. Kitambaa chake ni bapa. Mfumaji wa panga anatanda mitande mingi kwa kina, safu juu ya safu, anapitisha mshindio kati ya kila safu, halafu anaongeza uzi wa tatu: uzi wa kufungia. Huu haukubali kulala. Unazama kutoka juu mpaka chini, unapinda, unapanda tena. Kuna ufumaji ambao uzi huu unapiga wima moja kwa moja, na kuna ambao unakwenda mshazari, unaunganisha safu hii na ile ya jirani, na ya jirani yake, kama vidole vilivyopishana. Ukimaliza huna tena matabaka. Una kitu kimoja kinene. Hakuna pa kuchomeka patasi.

Kuuamuru kila uzi wa mtande unyanyuke au ukae peke yake, bila kufuata wenzake, ni kazi iliyopatiwa dawa zamani huko Lyon, Ufaransa. Mashine ya Joseph Marie Jacquard ya mwaka 1804 ilifanya hivyo kwa kadi za matundu ili hariri itoke na maua. Mitambo inayofuma mapanga ya LEAP ni vitukuu vya mashine ile ya maua, ila kadi zimekuwa kompyuta, na badala ya ua wanachora unene. Panga shinani ni nene kwa sababu hapo ndipo linaposhikwa, nchani ni jembamba kama kisu. Basi kadiri ufumaji unavyoelekea nchani, nyuzi zinaachwa nje moja moja, mshono wala kiraka hakuna. Kifumbu kile kile, kimepinduliwa.

Kiunzi cha panga kikitoka mtamboni hukatwa kwa maji yenye kasi kali, maana wembe ungeburuza nyuzi. Kisha kinasokotwa kidogo kupewa ule mpindo wa panga, kinalazwa ndani ya kalibu ya chuma, resini inasukumwa kwa shinikizo mpaka inajaza kila kitundu, moto unaigandisha. Wanakivisha ukingo wa titaniamu, halafu wanakipiga picha za eksirei kutoka kila upande, kama kichwa cha mgonjwa hospitalini, kutafuta povu. Povu moja mahali pabaya na panga lote linatupwa. Nyumba ya injini inayoyazunguka mapanga hayo, ambayo kazi yake ni kulidaka panga likikatika, nayo imefumwa vivyo hivyo.

Wewe msomaji unaweza kuyaona kwa macho yako. Air Tanzania ilipokea Boeing 737 MAX 9 yake ya kwanza mwaka 2023. Siku ukipanda kwa ngazi uwanjani, geuza shingo kabla hujaingia utazame mdomo wa injini. Mapanga 18, meusi, yamepinda kama majani ya mgomba yaliyoshikwa na upepo, ukingo unang'aa. Halafu siku nyingine ukipanda 737-800 ya Kenya Airways, ambayo injini yake ni ya kizazi kilichotangulia, hesabu tena: 24, ya titaniamu. Mapanga yamepungua, huku duara lake limekua kutoka sentimita 155 hadi 176. Panga pana hivyo lingekuwa la chuma lingekuwa zito, na uzito wa kitu kinachozunguka unataka shina nene, ekseli nene, nyumba nene. Kilo moja kwenye panga inazaa kilo nyingine mpaka mkiani.

Nikafikiri basi tumepata dawa, tufume kila kitu. Hapo ndipo nilipokutana na upande wa pili wa bei, na nadhani huo ndio unaofundisha.

Uzi wa kufungia unakula nafasi. Kila unapozama unazisukuma nyuzi nyingine pembeni, zinapinda kidogo, na uzi uliopinda haubebi kama ulionyooka. Pembeni yake kunabaki kishimo kinachojaa resini tupu, na resini tupu ndiyo inayopasuka kwanza. Kwa maneno mengine, unapolipa kitu kisibanduke, unalipa kwa kukipunguzia kidogo nguvu ya kuvutwa. Ukiweka nyuzi za kufungia nyingi mno umejipiga mwenyewe. Kazi ya mbunifu ni kujua ngapi zinatosha na ziwe wapi.

Na kutanda! Mtambo mmoja una maelfu ya nyuzi za mtande, kila mmoja na kibobini chake, kila mmoja lazima upitishwe kwenye tundu lake. Nyuzi zenyewe ni mafungu ya vinyweleo vya kaboni, mara nyingi 12,000 katika fungu moja, kila kimoja kikiwa chembamba kuliko unywele wako kama mara 10. Vikisuguana vinakatika, vumbi lake linapeperuka, na kwa kuwa kaboni inapitisha umeme, vumbi hilo likiingia kwenye mota huizima. Ndiyo maana boti ya bwana wa Canter haitafumwa hivi leo wala kesho. Anayefuma hivi ana kitu kinachozunguka mbele ya abiria, au kinachorudi kutoka mwezini.

Hilo la mwezini si porojo. Chombo cha NASA kiitwacho Orion, kilichouzunguka mwezi bila watu na kurudi Desemba 2022, kina vipande kwenye ngao yake ya moto vinavyobeba mzigo pale chombo kinapounganishwa na sehemu inayokisukuma. Vipande hivyo vinabanwa wakati wa kuruka, vinapata mshtuko wakati wa kutengana, kisha vinaungua wakati wa kurudi. Katika safari ya majaribio ya mwaka 2014 vilikuwa vya matabaka. Kwa mwezi havikutosha. Wakaenda kwa Bally Ribbon Mills, Pennsylvania, watu waliokuwa wakifuma tepe tangu 1923, wakawafumia nyuzi za kwatzi kwa pande tatu mpaka unene wa takriban inchi 3. Watu wa tepe! Nilimsomea mama. Akasema, "Kwani ukili ni nini?"

Kuna njia nyingine ya kuupata uzi wa tatu, ya kimaskini zaidi, na mimi ndiyo niliyoipenda. Hufumi kabisa. Unashindilia.

Aliyelala kwenye godoro la usumba anajua. Makumbi ya nazi yamefukiwa kwenye tope la pwani miezi, yamefukuliwa, yamepondwa, nyuzi zimechambuliwa. Kabla hujazisokota kuwa kamba una rundo la nyuzi zisizojua kaskazini wala kusini. Zibane, zitashikana zenyewe. Kwenye pamba na sufi za viwandani wana mashine yenye ubao uliojaa maelfu ya sindano. Kila sindano ina vimiiba ubavuni vilivyoelekea chini. Ubao unapanda na kushuka, na kila ukishuka vile vimiiba vinakamata nyuzi chache za tabaka la juu na kuzizamisha katika matabaka ya chini. Sindano ikipanda, nyuzi zinabaki humo. Felti hiyo. Uzi wa tatu umepatikana bila mfumaji, kwa kuuiba kutoka kwenye tabaka lenyewe.

Na felti hii inasimamisha ndege. Breki za kaboni, zilizoingia kwenye ndege za abiria kupitia Concorde, ile iliyoruka kupita kasi ya sauti, katika miaka ya 1970 na leo ziko kwenye ndege nyingi kubwa, huanza hivi: matabaka ya nyuzi yanapigwa sindano mpaka yawe donge nene, linakatwa mviringo kama kitumbua kilichotobolewa katikati, linachomwa libaki kaboni tupu. Kisha halipewi resini. Linawekwa kwenye tanuri la nyuzi joto takriban 1,000, bila hewa, wanapitisha gesi asilia. Gesi inavunjika kwa joto na kaboni yake inaganda juu ya kila uzi, polepole, kama masizi ya chungu, kwa wiki nyingi. Wakiharakisha, vitundu vya nje vinaziba kabla ya ndani kujaa. Fikiria nyumba inayokandikwa kwa moshi. Ikitoka, nyuzi ni kaboni na udongo wake ni kaboni, ina uzito chini ya robo ya chuma, na joto linalokiyeyusha chuma haliiyeyushi. Diski za namna hii hubanwa na kusuguana kwa nguvu ambayo matabaka matupu yangechanika kama daftari. Zile nyuzi chache zilizozamishwa na sindano ndizo zinazozuia.

Mtu wa Tanga hawezi kuandika habari za nyuzi akanyamaza kuhusu mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 nchi ilifika kuvuna tani zaidi ya 230,000 mwaka 1964, halafu kamba za plastiki zikaja na mashamba yakabaki na majina tu. Sisi tuliokulia huku tumelelewa na hadithi ya kwamba mkonge ulikufa kwa sababu hauna kazi zaidi ya kamba na magunia.

Si kweli, na inaniuma kidogo kwamba nimeijua kupitia gari. Wajerumani walishachukua nyuzi za mkonge wakachanganya na kitani, wakazipiga sindano kuwa felti, wakazilaza kwenye kalibu na resini, wakatoa mbao za ndani za milango ya gari. Audi A2, iliyoanza kuuzwa karibu na mwaka 2000, ilikuwa na milango hiyo. Mkonge uko mlangoni mwa Audi, umevishwa kitambaa, hakuna anayeujua. Waganda wana kitu cha ajabu zaidi: lubugo, nguo ya gome la mtuba inayopondwa kwa nyundo za mti mpaka inatanuka. Ni felti iliyofumwa na mti wenyewe. UNESCO waliitambua mwaka 2005 kwa utamaduni wake, na watafiti wa Uganda wameshaitia resini kuona kama inafaa kwa paneli za gari. Hapo ningependa serikali zetu zitumie pesa, kabla ya kuota ndege.

Basi nikajaribu mwenyewe. Boti ya yule bwana niliitengeneza kwa njia ya kawaida, nikasaga kwa grainda mpaka nikafika faiba nzima, nikaikausha vizuri, nikaweka matabaka mapya kwa subira; sikuthubutu kufanyia majaribio mali ya mtu. Lakini pembeni nilitengeneza vipande viwili vya matabaka manane. Kimoja cha kawaida. Cha pili, kabla ya resini, nikakishona kwa sindano ya magunia na uzi niliouchomoa kwenye kitambaa cha faiba kilichofumwa. Muwasho wake usiulize. Nililala nimejipaka mafuta ya nazi mpaka viwiko.

Vilipoganda nikavibana kwenye jiliwa, nikapiga nyundo, kisha nikachomeka patasi. Cha kawaida kilifunguka kama kitabu. Cha kushona kilifunguka inchi moja kikagoma. Patasi ilifika kwenye uzi ikasimama. Nikapiga kelele za furaha mpaka mtoto wa jirani akachungulia. Halafu nikavikunja vyote viwili kwa uzito. Cha kushona kikapasuka mapema, mstari mweupe ukafuata matundu ya sindano kama karatasi ya stempu. Yale yale niliyoyasoma, yapo mkononi mwangu.

Nikampelekea mama. Alikigeuza kipande, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Umekaza mno. Tazama, umekikunja. Na hapa umepiga hatua ndefu, hapa fupi. Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Uzi mgumu, mama, haupindi."

"Ukindu mkavu nao haupindi. Unaulowesha." Akafikiri. "Huu unaloweshwa na nini?"

Sikujua. Akasema nimkatie matabaka mengine manane, nimletee sindano nyembamba kuliko ile ya magunia. Nilimpa glavu akaziweka chini ya mkeka. Hivi ninavyoandika kipande cha tatu kiko kibarazani, amefika nusu, hatua zake ziko sawa kama zimepimwa kwa rula, na kila safu ya pili ameruka tundu moja kwa makusudi. Nilimuuliza kwa nini anaruka. Akaniambia nisubiri resini.

Resini nitaitia Jumamosi.